Wateja wanauliza "ni ipi nzuri?" halafu wanatoka: katalogi ya vitu vya nyumbani ipangwe vipi?

stoo_kamukunji

Wadau, hamjambo. Naomba msaada kuhusu katalogi ya duka la mtandaoni la vitu vya nyumbani hapa Nairobi: mabirika ya umeme, blenda, majiko ya gesi na vifaa vyake, taa, magodoro, shuka na vyombo. Bidhaa zinakaribia 600.

Wengi wanaoingia si wajuzi wa vifaa. Ni mtu aliyehamia bedsita Kahawa West na hana hata sufuria, au anayetafuta zawadi ya harusi huku yuko ndani ya matatu. Anafungua mabirika matatu, manne, kisha ama anaandika WhatsApp "ni ipi nzuri hapa?" ama anapotea. Vichujio vilivyopo ni bei, chapa, rangi na wati, na karibu hakuna anayevigusa. Sanduku la kutafuta nalo linajibu "hakuna kilichopatikana" wakati bidhaa iko stoo.

Je, nipunguze bidhaa? Nibadilishe vichujio? Nyota na maoni ya wateja yana msaada wowote kwa duka la kadiri hii? Naomba hatua za kufuata, maana ushauri wa jumla nimeshasoma wa kutosha.

kaunta_fupi

Salama. Ningeanza na kupunguza. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha jaribio la meza ya jamu katika duka la vyakula huko California. Meza ya jamu 24 ilisimamisha watu wengi zaidi, lakini walionunua baada ya kusimama walikuwa takriban 3 katika kila 100. Meza ya jamu 6 ilipata takriban 30 katika kila 100. Mabirika zaidi ya ishirini kwenye ukurasa mmoja ni hiyo meza ya 24. Bakiza sita yanayotoka haraka, mengine yaondoe.

mchujo254

@kaunta_fupi, jaribio hilo lipo, ila tusiishie hapo. Mwaka 2010 Benjamin Scheibehenne na wenzake walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo na wakakuta wastani wa athari unakaribia sifuri: kwingine wingi uliumiza, kwingine ulisaidia. Mwaka 2015 Alexander Chernev, Ulf Böckenholt na Joseph Goodman wakachambua ni wakati gani hasa wingi unaumiza. Unaumiza bidhaa zikiwa ngumu kulinganisha, kazi yenyewe ya kuchagua ikiwa nzito, mnunuzi asipojua bado anapenda nini, na kutegemea kama amekuja kununua au kutazama tu. Yule mtu wa bedsita ana karibu yote kwa pamoja.

Kwa hiyo ukikata mabirika hadi sita kwa kufuata mauzo, unaweza kuliondoa lile la lita 0.8 ambalo mtu anayeishi peke yake ndilo alilohitaji, ukabaki na sita za lita 1.7 zinazofanana kama mapacha. Hapo tatizo limebaki palepale na chaguo limepungua.

Ondoa mapacha. Panga mabirika yote kwenye Excel kwa ujazo, kisha wati, kisha aina ya mwili (plastiki, chuma, kioo). Mistari miwili ikilingana katika yote matatu na tofauti ni chapa na shilingi 50, mteja hana cha kushikilia. Jiulize: naweza kumwambia mtu kwa maneno machache kwa nini achukue hii na si ile? Ukishindwa, bakiza moja. Dhamana ya miezi 12 dhidi ya isiyo na dhamana ni sababu ya kutosha ya kubakiza zote mbili, lakini basi dhamana hiyo ionekane kwenye kadi ya bidhaa, isijifiche chini ya ukurasa.

Sifa_na_Safu

Namuunga mkono mchujo254, na ningependa turudi nyuma kidogo, kwenye jedwali la bidhaa lenyewe. Vichujio vyako havitumiki kwa sababu vinamuuliza mteja kuhusu kifaa, na yeye anachokijua ni nyumba yake. Ukimwuliza "wati ngapi?" atapita. Ukimwuliza "mnakunywa chai wangapi?" ana jibu tayari. Kutafsiri jibu hilo kuwa lita na wati ni kazi ya mwenye duka, ifanyike mara moja kwenye jedwali.

Anza na WhatsApp. Chukua maswali 200 ya mwisho ya wateja, yanakili kwenye Excel, swali moja kila mstari, halafu yape kila moja lebo: ukubwa, matumizi ya stima, kuingiliana na kitu alichonacho, uimara, usafirishaji, bei. Baada ya mistari mia hivi lebo zitaanza kujirudia. Zile nne au tano zinazojirudia zaidi kwa aina fulani ya bidhaa ndizo sifa za bidhaa hiyo. Usitumie sifa zilezile kwa duka zima: rangi ni muhimu kwa shuka na karibu haina maana kwa regulata ya gesi.

Kisha jaza. Hapa ndipo maduka mengi yanapoharibikiwa, na hawajui kwa sababu kosa halionekani. Tuseme mabirika 22, na 9 kati yake hayana ujazo ulioandikwa. Mteja akibonyeza "lita 1.5 na zaidi", hayo 9 yanatoweka hata kama 6 ni ya lita 1.7. Anaona machache, anadhani duka halina kitu. Kanuni ninayopendekeza: sifa iliyojazwa kwa bidhaa pungufu ya 9 kati ya kila 10 za aina hiyo isiwe kichujio bado. Iandike ndani ya maelezo tu, mpaka mtu aende stoo na tepu ya kupimia amalize.

Namba na kipimo vikae safu mbili tofauti. Ukiandika "1.7L", "lita 1.7" na "1700ml" kwenye safu moja, kichujio kitatoa chaguo tatu za kitu kimoja. Safu ya ujazo iwe 1.7, safu ya kipimo iwe lita, na programu ndiyo iviunganishe vinapoonyeshwa. Vivyo hivyo kwa magodoro. Huku tunasema 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6, kwa futi, na unene kwa inchi, lakini vitanda kadhaa vinavyoingia kutoka nje vimeandikwa sentimita. Godoro la 5 kwa 6 ni karibu sentimita 152 kwa 183. Mtu mwenye kitanda cha 150 kwa 200 akilinunua, atabaki na pengo la sentimita 17 miguuni, na upana umezidi kwa sentimita 2. Weka vipimo vyote viwili kwenye kila godoro na kila kitanda, na kichujio kiwe "kitanda chako kina ukubwa gani?"

Baada ya hapo ongeza safu za matumizi. Kwa birika: "Vikombe kwa mara moja" na "Dakika za kuchemka". Vikombe ni ujazo ukigawanywa kwa mililita 250, ukishusha: lita 1.7 ni vikombe 6, lita 0.8 ni vikombe 3. Dakika zinakokotoleka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kupandisha lita 1.7 kutoka nyuzi 20 hadi hapo kunahitaji takriban kilojuli 527. Birika la wati 2,200 linalitimiza hilo kwa dakika 4, la wati 1,500 kwa dakika 6, na uongeze nusu dakika hadi dakika nzima kwa joto linalopotea. Mteja akisoma "vikombe 6, dakika 5" hahitaji kujua wati ni nini. Wati zibaki ndani ya ukurasa kwa anayezitaka, na kando yake iandikwe kwamba wati 2,200 kwenye volti 240 zinavuta ampea 9 na ushee, kwa hiyo likichomekwa kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na pasi, waya utapata moto. Huo ni ushauri wa kuchagua pia: mwenye soketi moja chumbani anafaa kuelekezwa kwenye birika la wati chache.

Taa vilevile. Mteja wa kawaida bado anapima mwanga kwa wati za balbu za zamani. LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, sawa na balbu ya zamani ya wati 60, andika hivyo. Lakini swali la kwanza kwa taa liwe shingo: ya pini, ambayo kwenye boksi huandikwa B22, au ya kuzungusha, E27. Weka picha mbili kubwa za shingo hizo juu ya ukurasa wa taa, mtu abonyeze inayofanana na ya kwake. Balbu ya shingo isiyofaa itarudishwa hata ingekuwa bora namna gani.

Kwa benki za umeme za simu (power bank), tahadhari na namba za boksi. 10,000 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani saa-wati 37. Simu yenye betri ya 5,000 mAh inahitaji karibu saa-wati 19, na sehemu ya nguvu hupotea njiani kwa joto na kubadilisha volti. Kwa hiyo "inajaza simu mara moja na nusu" ndiyo ahadi ya kweli. Ukiandika mara mbili kwa kugawanya 10,000 kwa 5,000, utapata malalamiko.

Kwa friji, kama zina lebo ya nyota ya matumizi ya nishati, ipige picha karibu, isomeke. Chukua kilowati-saa za mwaka zilizoandikwa humo, gawanya kwa 12, andika uniti za mwezi. Kila mtu hapa anajua uniti ya tokeni ni nini.

neno_kwa_neno

Nijibu la sanduku la kutafuta, maana huko ndiko mteja mgeni hukwama kwanza, na mifumo mingi iliyotengenezwa kwa Kiingereza haituelewi.

Sababu ya msingi ni ngeli. Kiingereza hubadilisha mwisho wa neno, kwa hiyo mifumo ile hukata mkia. Sisi hubadilisha kichwa: kikombe, vikombe, kijiko, vijiko, godoro, magodoro, mto, mito, ufagio, fagio. Ukikata mikia haisaidii kitu. Na usijaribu kukata vichwa kwa kanuni, yaani kila neno linaloanza na "ma" uliondolee "ma". Mashine itabaki "shine", maji yatabaki "ji".

Kama duka linatumia PostgreSQL (programu ya kuhifadhi data), kiendelezi chake, yaani programu ndogo ya nyongeza, kiitwacho pg_trgm hulinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatu tatu, na kiwango chake cha kawaida cha kukubali mfanano ni 0.3. Kikombe na vikombe hupata 0.45, kijiko na vijiko 0.4, godoro na magodoro 0.45. Yote yanapita. Mto na mito hupata 0.29 tu, yanaanguka kwa nywele, kwa sababu neno fupi lina vipande vichache. Ukishusha kiwango hadi 0.25 ili mito ipite, maneno mengine mafupi yasiyohusiana yataingia nayo. Dawa ni orodha ya mkono: maneno ya duka lako pengine hayazidi 150, andika umoja na wingi wa kila moja, jioni moja inatosha.

Orodha hiyohiyo ibebe visawe. Jokofu, friji, frigi, fridge. Chupa ya chai, themosi, flaski. Pasi, aini. Kwa jiko kuwe na uangalifu. Kwa sarufi meko ni wingi wa jiko, lakini mkazi wa Nairobi akiandika "meko" mara nyingi anataka mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake. Ukimletea majiko ya makaa amekosa. Elekeza "meko" kwenye mitungi ya kilo 6 na vichomeo vyake kwanza, majiko mengine yafuate chini.

"Shuka" ina maana mbili madukani: shuka ya kitandani na shuka ya Kimaasai. Usimkisie mtu. Onyesha vijipicha viwili juu ya matokeo, kitandani na ya kujifunga, achague. Na kama una wanunuzi wa Tanzania, wengi wao wakisikia "leso" hufikiria kitambaa cha mkononi, wakati hapa ni kanga. Weka neno kanga kwenye jina la bidhaa hiyo hata kama wateja wako wengi ni wa Eastlands.

Watu pia hutafuta kwa kazi: "ya kuchemshia maji", "ya kusagia nyanya", "ya kutandika chini". Kila bidhaa iwe na safu ya maneno yaliyofichwa, isiyoonekana kwa mteja, yenye kazi tatu nne za namna hiyo. Kila Jumatatu toa orodha ya maneno yaliyorudisha sifuri wiki iliyopita. Yagawe mafungu mawili: bidhaa tunayo na neno halikujulikana, ongeza kisawe, bidhaa hatuna, mpelekee mnunuzi wa stoo. Na ukurasa wa sifuri usiwe mtupu. Uweke aina kuu za bidhaa na kitufe cha WhatsApp kinachobeba neno alilotafuta, asiliandike tena.

mchujo254

Hapo kwenye mpangilio wa vichujio niongeze. Amos Tversky alieleza mwaka 1972 jinsi watu wanavyochagua kwa kuondoa: wanachukua sifa moja, wanatupa yote yasiyoitimiza, wanahamia sifa inayofuata. Basi mpangilio ufuate uzito wa kuondoa. Juu kabisa weka kinachofanya bidhaa isiwezekane: haiingii kitandani, haiingii kwenye mtungi, imezidi pesa. Rangi na chapa viende chini.

Ndani ya kichujio kimoja chaguo ziungane kwa "au", kati ya vichujio tofauti kwa "na". Akichagua chuma pamoja na kioo, apate vyote viwili. Akiongeza chini ya 2,500, bei ibane vyote. Mifumo mingine huunganisha kila kitu kwa "na", mteja akibonyeza chuma na kioo anapata sifuri. Kando ya kila chaguo weka idadi, na chaguo lenye sifuri lififie lisibonyezeke.

Madaraja ya bei usiyagawe kwa upana sawa. Blenda za kuanzia 1,800 hadi 30,000 ukizigawa mara nne sawasawa, daraja la kwanza linafika karibu 8,850 na linameza nyingi. Zipange kwa bei, zihesabu, kata baada ya kila robo ya idadi, kisha sogeza mpaka kwenye namba inayotamkika: 2,500, 4,000, 7,500.

Kwenye simu, kichujio kifunguke kama karatasi kutoka chini na kitufe kimoja kinachosema "Onyesha 12", namba ikibadilika anapochagua. Kurasa zinazojipakia upya kila anapogusa humchosha na kumlia bando. Akifungua bidhaa na kurudi, arudi palepale alipokuwa na vichujio vyake vikiwa vimeshika. Hili huvunjika kimyakimya kila programu inapoboreshwa, kwa hiyo lijaribuni kwa mkono kila mara.

nyota_nne

Kuhusu nyota: zinasaidia, lakini si kwa kupanga kwa wastani mtupu. Birika lenye tathmini moja ya nyota 5 litakaa juu ya lenye tathmini 80 za wastani wa 4.6, na hilo si haki kwa mteja. Tumia wastani uliotulizwa. Chukua wastani wa duka zima, tuseme 4.0, na ujifanye kila bidhaa ilianza na kura 10 za namna hiyo. La kwanza: 40 jumlisha 5, gawanya kwa 11, ni 4.09. La pili: 40 jumlisha 368, gawanya kwa 90, ni 4.53. Namba hii itumike kupanga tu. Anayesoma aonyeshwe wastani halisi na idadi ya waliopiga kura.

Tenganisha tathmini ya bidhaa na ya usafirishaji. "Nyota 1, mtu wa boda alichelewa" haimwambii mnunuzi anayefuata chochote kuhusu birika. Fomu iwe na sehemu mbili. Na badala ya "Andika maoni yako", uliza vitu vitatu: umeitumia muda gani, mko wangapi nyumbani, ni nini hakikukufurahisha. Jibu la "miezi minne, watu watano, mfuniko umelegea" lina thamani kuliko "nzuri sana" kumi.

Na niseme hili kwa dhati: usiandike "zimebaki 2" wakati stoo ina 40, wala usiweke bidhaa ya bei ya juu isiyo na faida yoyote ili ile ya jirani ionekane nafuu. Mbinu hiyo ya pili ilipimwa na Huber, Payne na Puto mwaka 1982 na inafanya kazi, ndiyo sababu inavutia. Lakini mteja asiyejua vifaa amekuja akiwa amekuamini wewe umchagulie vizuri. Isitoshe, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kwa mnunuzi.

stoo_kamukunji

Asanteni sana. Nimefungua jedwali: ujazo umekosekana kwenye mabirika 9 kati ya 22, Sifa_na_Safu ni kama uliliona. Maswali mawili yamebaki. Kuna mteja ambaye hata vichujio vizuri hatavigusa, anataka aambiwe. Na nilikuwa nafikiria kuweka "walionunua hiki walinunua pia" inayojiendesha yenyewe. Inafaa?

Sifa_na_Safu

La pili kwanza, maana ni fupi: kwa duka la bidhaa 600 bado. Mashine hiyo hula historia ya manunuzi, na bidhaa nyingi zako zina mauzo machache mno. Watu wawili wakinunua blenda na ndala siku moja, itaanza kupendekeza ndala kwa kila anayetaka blenda. Andika uhusiano kwa mkono, wa aina mbili zisizochanganywa. Kabla hajaweka kapuni, onyesha mbadala: blenda nyingine mbili, moja ya bei chini, moja ya nguvu zaidi. Akishaweka, onyesha viandamani tu, yaani vitu vinavyotumika pamoja na alichochagua. Kumwonyesha blenda nyingine baada ya kuamua ni kumrudisha kwenye wasiwasi.

Kwa asiyetaka kuchuja, tengeneza mwongozo wa maswali matatu kwa kila aina kubwa ya bidhaa. Usizidishe matatu. Kwa blenda: utasaga nini zaidi (matunda laini, nyanya na vitunguu, barafu au nafaka kavu)? Kwa watu wangapi? Bajeti? Nyuma yake ni jedwali la kawaida: bidhaa kwenye mistari, majibu kwenye safu, na alama 0, 1 au 2. Sifuri ina maana haifai kabisa, nayo iondoe bidhaa hata ikiwa na alama nyingi kwingine. Blenda yenye kisu cha matunda ikipewa 1 kwa nafaka kavu "kwa sababu inaweza kidogo", mota itaungua na lawama ni yako. Alama atoe anayeijua bidhaa, mtu mmoja, ili kipimo kisiyumbe.

Mwisho wa maswali onyesha tatu, si moja na si kumi, na kila moja iwe na sababu iliyofungwa kwenye majibu yake: "Umesema barafu: hii ina jagi la kioo na wati 1,000." Chini ya hapo, "Usichukue hii ikiwa..." Sentensi hiyo ya pili wauzaji huiogopa, lakini ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kuamua, kwa sababu anaona mnajua mipaka ya bidhaa.

Maswali yaleyale yatumie kwenye WhatsApp kama majibu ya haraka. Kumbuka katalogi ya WhatsApp Business hubeba bidhaa 500 kwa mwisho, kwa hiyo zako 600 hazitaingia zote. Weka huko zile zinazotokea kwenye majibu ya mwongozo.

kaunta_fupi

Nimekubali hoja ya mapacha. Niongeze picha, maana hazijaguswa. Picha ya kwanza mandhari nyeupe, ya pili bidhaa kando ya chupa ya maji ya nusu lita ili ukubwa uonekane, ya tatu ubavu wenye soketi, plagi au shingo, ya nne lebo ya wati na volti isomeke. Za kwenye orodha zibanwe kuwa WebP (aina ya faili jepesi la picha) ya kilobaiti 35 hivi. Orodha ya bidhaa 40 zenye picha za kilobaiti 300 ni megabaiti 12; kwa 35 ni megabaiti 1.4. Picha kubwa ipakuliwe mtu akiigusa tu.

Jina la bidhaa lianze na kinachoitofautisha, kwa sababu simu ndogo hukata baada ya herufi 40 hivi. "Birika lita 1.7 chuma", kisha chapa na modeli. Majina yote yakianza na chapa na namba ndefu ya modeli, kwenye skrini yote yataonekana ni kitu kimoja.

Gharama ya kufikisha iwe kwenye ukurasa wa bidhaa. Mteja achague mtaa mara moja (Umoja, Rongai, Kitengela, au kuchukua mwenyewe mjini) na kila bei baada ya hapo ionyeshe nyongeza yake. Birika la 1,600 lenye boda ya 400 hadi Rongai ni birika la 2,000, na mtu anayelinganisha anatakiwa alinganishe hiyo 2,000.

stoo_kamukunji

Naanza na mabirika na vifaa vya gesi wiki hii. Kwa gesi nimeweka viandamani vya kila jiko: regulata, paipu na klipu mbili.

mchujo254

Simama hapo kwenye regulata. Ya mtungi wa kilo 6 na ya kilo 13 haziingiliani. Ukifunga regulata moja kwa kila jiko, nusu ya wateja watapata isiyofaa, na mwingine atajaribu kuilazimisha. Kiandamani kisiwe bidhaa, kiwe swali: "Mtungi wako ni kilo ngapi?" Asiyejua aonyeshwe picha za mitungi yote miwili, moja kando ya nyingine, na mtu mzima amesimama karibu ili kimo kieleweke. Mpaka ajibu, kitufe cha kuongeza regulata kapuni kibaki kimefungwa.